Bi Pakiti na Vibuyu vya Mama Mkwe

Kwa miaka tisa kazi yake ilikuwa kupika mbele za watu. Asubuhi gari la kampuni lilimpitia nyumbani, gari jeupe lenye spika mbili juu ya paa na picha ya mtoto anayecheka ubavuni, naye alipanda akiwa amevaa aproni iliyopigwa pasi mpaka karibu isimame yenyewe. Leo soko hili, kesho soko lile. Wakifika, dereva alifungulia muziki, yeye akakunjua meza, akapanga jiko la gesi, sufuria na vikombe vidogo vya karatasi, halafu akashika kipaza sauti na kuwaita akina mama waje waone uji wa dakika nne.

Ulikuwa unga wa pakiti, mweupe, laini kama poda, umetiwa sukari na viungo vya kunukia huko huko kiwandani. Unachemsha maji, unamimina, unakoroga, unakunywa. Lakini kilichouza pakiti zile si uji. Ni mdomo wake.

"Nani hapa bado anatwanga?" aliuliza kila soko. Mikono michache iliinuka kwa aibu. "Njoo dada, usiogope, sikuli. Hebu tuonyeshe kiganja." Yule mama akinyoosha mkono, yeye aliushika, akauinua juu watu wote wauone. "Jamani, hiki ni kiganja au soli ya kiatu? Bwana akikushika si atadhani ameshika mwiko?"

Soko lote lilivunjika mbavu, na mwenye kiganja akacheka kuliko wote, na kabla kicheko hakijakauka pakiti zilikuwa zimeanza kutoka.

Hakuwa tapeli. Alikuwa mtoto wa mjini, mama yake mfagizi wa ofisi aliyerudi nyumbani jioni akiwa hoi, miguu imevimba, akakaa kwenye kigoda na koti lake bado mwilini kwa sababu hata kulivua kulikuwa kazi. Mtu kama yule, chakula cha dakika nne kingemkomboa. Bi Pakiti aliposhika kipaza sauti alikuwa akimwona mama yake, akasema kwa moyo mweupe, na ndiyo maana aliaminika. Jina hilo la Bi Pakiti alipewa na watu wa masokoni, likamganda. Hata shuleni kwa binti yake walimu walimwita hivyo.

Mumewe alikuwa fundi cherehani, mwenye chumba kimoja cha kazi kando ya barabara. Mtu mpole, asiyesema sana, kwa sababu, alivyodai mwenyewe, kila akitaka kusema lazima kwanza ateme pini. Mama yake aliishi peke yake kilimani, safari ya saa mbili kwa basi na nusu saa nyingine kwa miguu. Huko alilima mtama, uwele, ulezi, kunde na mboga ambazo Bi Pakiti hakuzijua majina. Walipooana tu, bibi harusi alipanda kilimani na pakiti mbili za zawadi, akampikia mama mkwe kwa mbwembwe zote za sokoni. Bibi wa kilimani alikunywa naye kikombe kizima, kwa adabu, akajifuta midomo, akamgeukia.

"Umeshiba, mwanangu?"

"Nimeshiba, mama."

"Haya. Basi mimi ngoja nikapike chakula."

Hawakugombana. Kila mmoja alimwona mwenzake kuwa mtu mwema aliyepotea kidogo, wakaishi hivyo miaka mingi kwa amani.

Katika mwaka wa tisa wa kazi ile, mvua ilinyesha wiki mbili ikakata. Mahindi yalikauka yakiwa kimo cha goti. Kampuni ikaona hapo ndipo penye soko, gari likatumwa bonde la chini, mahali ambapo Bi Pakiti alianzia kazi akiwa bado mgeni wa kipaza sauti.

Soko lilikuwa limepwaya. Mafungu ya nyanya yalikuwa ya kuhesabika, na wauzaji walikuwa wengi kuliko wanunuzi. Alipika, akachekesha, akauliza swali lake: nani hapa bado anatwanga? Hakuna mkono ulioinuka. Alifurahi kwa dakika moja. Kazi imekamilika, aliwaza. Bonde zima limeendelea.

Alikuwa anakunja meza mwanamke mmoja alipomsogelea, mpana wa mabega, amevaa shati la kiume la mikono mirefu. Alikuwa muuza mboga, fungu lake la majani lilikuwa palepale nyuma yake juu ya gunia.

"Samahani dada," alisema. "Wewe unatembea masoko mengi. Hujaona mahali wanatoa mbegu ya mtama? Ule mwekundu, wa kichwa kilichoinama?"

"Mbegu ya mtama? Ya kufanyia nini?"

"Ya kupanda." Mwanamke alimtazama kama anayejiuliza mbegu hufanyiwa nini kingine. "Ule ungelihimili jua hili. Sisi tulikuwa nao, tena tele. Tukauacha mwaka ule ulipokuja mara ya kwanza. Hunikumbuki? Ulinishika mkono mimi, ukasema kiganja changu soli ya kiatu." Akatabasamu, bila kinyongo hata chembe. "Tulicheka siku ile! Basi ndiyo hivyo, mbegu usipoipanda inazeeka, inakufa. Nimeuliza bonde lote, hakuna mwenye nayo. Na pakiti siku hizi hazishikiki."

Bi Pakiti alifungua mdomo, mdomo ule uliowahi kuuza uji kwa muuza uji, akakosa la kusema. "Nitaulizia," alisema mwishowe.

"Utakuwa umenisaidia," yule mama akajibu, akarudi kwenye mboga zake.

Laiti angetukana. Njia nzima ya kurudi Bi Pakiti alitazama nje ya dirisha, mashamba yakipita, mabua makavu baada ya mabua makavu.

"Vipi leo, spika imeungua?" dereva alimtania.

"Miaka yote hii umewahi kuniona nakosa jibu?"

"Wewe? Hata usingizini."

"Leo nimekosa," alisema, na dereva, aliyemjua, akazima redio.

Jumamosi alipanda kilimani. Jiko la mama mkwe lilikuwa chumba cha udongo chenye mafiga matatu, na juu ya moto kulikuwa na uchaga wa miti uliopangwa vibuyu kumi na kimoja, vyeusi kwa moshi, midomo imezibwa kwa magunzi ya mahindi. Alikuwa amevitazama miaka yote akadhani ni vyombo vya zamani ambavyo bibi ameshindwa kuvitupa.

"Shikamoo mama. Nimekuja kuomba mbegu."

"Marahaba. Za kupanda wewe?"

"Za kupelekea watu."

Bibi alikuwa anachambua kunde kwenye ungo. Hakuacha kuchambua. Bi Pakiti akakaa chini, akaeleza yote bila kuficha: bonde, jua, muuza mboga, na ule utani wa soli ya kiatu. Aliposikia utani huo bibi aligeuza viganja vyake mwenyewe na kuvitazama, kimoja, kisha kingine.

"Sikupi," alisema.

"Mama, wale watu wana shida."

"Najua. Utapanda kwanza wewe, hapa, msimu mmoja, kwa mkono wako. Ukishavuna, utachukua utakacho. Wewe Mungu kakupa mdomo, mwanangu. Ukiwapelekea tena kitu usichokijua watakuamini tena, na hilo ndilo linalonitisha."

Jumatatu alikwenda kwa meneja wake. Meneja alidhani anataka cheo, akampa palepale: awe mkufunzi wa wapishi wote wa magari, akae ofisini chini ya feni. Alishukuru, akaiweka aproni mezani ikiwa imekunjwa vizuri, akatoka. Nyumbani fundi alisikiliza habari yote akiwa ameinamia sketi ya mteja. Alitema pini tatu.

"Kwa hiyo umeacha kazi ya gari ili ukafukuze ndege."

"Ndiyo."

"Haya. Ila kofia ya kampuni usivae shambani. Ndege watadhani unagawa uji."

Mvua za msimu ule zilikuwa za kawaida, si haba, na mwanafunzi wa bibi alikuwa mbovu ajabu. Mtama ukiwa mchanga hufanana na nyasi, na katika palizi ya kwanza aling'oa mstari mzima wa mtama, akauacha wa magugu umesimama umenyooka. Bibi alikuja na fimbo yake, akatazama. "Umepalilia vizuri sana," alisema. "Magugu hayana taabu yoyote."

Ndege walipokuja alifunga makopo kwenye kamba akayavuta toka alfajiri mpaka mkono ukafa ganzi. Hapo ndipo alipoona mwenyewe kwamba walikuwa wakiumaliza mtama mweupe na kuupita ule mwekundu ulioinama, kwa sababu punje zake mbichi zina ukakasi. Bibi hakuwa amemwambia. Alimwacha aone. Alijifunza kuchagua masuke ya mbegu yakiwa bado shambani, katikati ya shamba wala si pembeni. Alijifunza kuchanganya mbegu na majivu na kuzining'iniza moshini. Alijifunza kupepeta, ingawa kwa wiki nzima makapi yalibaki na nafaka ikaruka.

Akatwanga. Siku ya tatu malengelenge yalipasuka viganjani mwake, akaketi kizingitini akivipulizia. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na moja, na ndiyo kwanza anatambua kwamba wale akina mama hawakuacha mtama kwa ujinga wala kwa kudanganywa tu. Mchi unaumiza. Alichokisema sokoni kuhusu mikono kilikuwa kweli, ila alikisema kwa kucheka. Tangu siku hiyo alijiwekea sharti asilowahi kulivunja: hachekeshi watu kwa mwili wa mtu. Na sharti la pili: yeyote atakayemshawishi kurudi kwenye chakula cha zamani, hatamrudisha kwenye mchi.

Kati ya vibuyu kumi na kimoja, viwili havikuota. Kimoja kilikuwa cha njugu mawe ndogo nyeupe, kingine cha kunde nyeusi zenye jicho jekundu. Bibi alikuwa ameumwa kiuno miaka minne mfululizo, akashindwa kupanda kila kitu kila mwaka. Walifukua shimo moja moja kwa kidole wakitafuta chipukizi, wakakuta punje zimeoza. "Hizi nilizichelewa," bibi alisema. Alizitaja kama mtu anayetaja jina la jirani aliyehama. Bi Pakiti alikuwa na haraka tangu siku hiyo, haraka ya kimyakimya ambayo watu hawakuijua.

Baada ya mavuno fundi alikusanya vipande vya vitambaa vilivyobaki chini ya cherehani yake, akashona vifuko mia moja na ishirini, vya maua, vya mistari, vingine nusu suruali nusu gauni. Mkewe alivijaza mbegu, akafunga kwa uzi, akapanda basi la bonde la chini na jiko la mkaa, sufuria na unga wa mtama alioutwanga mwenyewe. Hakuna gari, hakuna muziki. Uji ulichukua muda mrefu kuchemka, na watu walikuwa na wakati wote wa kumtazama.

"Bi Pakiti! Gari limekufa?"

"Liko zima. Mimi ndiye nimeshuka."

Wakakusanyika. Muuza chumvi, mzee mwenye sauti kama tarumbeta, akapaza akiwa nyuma ya watu wote: "Tuambie basi tuelewe! Siku ile ulikuwa unatudanganya, au unatudanganya leo?"

Watu waliangua kicheko. Miaka ile tisa alikuwa akijibu utani kwa utani, na leo pia alikuwa nao tayari kwenye ncha ya ulimi. Akaumeza.

"Siku ile niliwaambia kitu nisichokijua, baba," alisema. "Nilikuwa sijawahi kushika jembe. Huu hapa nimeulima msimu mmoja. Mstari mzima niliung'oa nikidhani ni majani. Ndege wamenilia mweupe karibu wote. Huu mwekundu umebaki. Sijui kama utawafaa. Nyie mnaujua kuliko mimi. Mimi nimeurudisha tu." Akanyoosha mikono yake mbele, hakuna aliyemwomba.

Muuza mboga alipenya watu, akaushika mkono mmoja, akaupima kwa kidole gumba. "Bado laini," alisema. "Lakini una nia." Akachukua kifuko cha kwanza, chenye maua ya zambarau.

Vilitoka vifuko thelathini na vinne siku hiyo. Sharti lilikuwa moja: ukivuna, mpe jirani kikombe kimoja cha mbegu, naye umwambie hivyohivyo. Vifuko themanini na kitu alirudi navyo mgongoni, akavipeleka masoko mengine yote aliyowahi kwenda na gari, moja baada ya jingine. Kila soko alianza kwa kusema ni yeye.

Shida kubwa haikuwa mbegu, ilikuwa mashine. Msimu uliofuata bonde lilivuna mtama na ulezi, na mwenye mashine ya kusaga akakataa kuupokea.

"Dada, nisikilize," alisema, unga umemjaa mpaka kwenye nyusi. "Punje ndogo hizi zinapita kwenye chekeche kama maji, hazisagiki. Na zikisagika, zinabaki ndani. Mteja wa mahindi akija, unga wake unatoka na madoadoa, ananigombeza mimi."

"Chekeche laini unalo?"

"Ninalo, limetundikwa pale tangu marehemu baba. Nani abadilishe kwa ajili ya mtu mmoja?"

"Tutenge siku moja. Jumanne, nafaka ndogo peke yake. Wa mahindi wasije."

"Nani atakuja Jumanne?"

"Mimi."

Akaja. Jumanne sita alipanda basi na mfuko wake mmoja, mwenye mashine akabadilisha chekeche huku akinung'unika, akamsagia, akarudishia chekeche. Jumanne ya nne hakuongea naye kabisa. Jumanne ya saba Bi Pakiti alishuka kwenye basi akakuta muuza mboga amekaa kwenye ngazi ya mashine na debe lake, na nyuma yake wanawake watano. Mwenye mashine alikuwa ameshabadilisha chekeche kabla hawajamwomba. Leo Jumanne pale hapapitiki, na yeye husema kila mtu amsikie kwamba lilikuwa wazo lake.

Miaka ilipita hivyo, si ya makuu. Alikaa kwenye mabenchi ya kliniki na akina mama wajawazito, akiwaeleza namna ya kuchanganya unga wa ulezi na wa kunde kwa mtoto anayeanza kula. Alizungumza na kamati za shule, nyingine zikamkubalia, nyingine zikampa soda na kumshukuru kwa kuja. Hakumlaumu mtu mwenye haraka. "Ukirudi umechoka, kunywa cha pakiti, lala," aliwaambia wafanyakazi wa viwandani. "Jumapili njoo nikuonyeshe cha kupika kinachokaa siku tatu." Wenzake wakali waliojiunga naye baadaye hawakupenda maneno hayo. Walitaka pakiti zichomwe moto hadharani. Yeye alikataa. Alisema anamjua anayezinunua, ndiye aliyemlea.

Halafu bwana shamba akamwita ofisini. Ilikuwa ofisi ndogo yenye makabati matatu ya chuma, mojawapo halifungiki na limeegemezwa kwa kiti. Bwana shamba alikuwa kijana mstaarabu, alisimama kumpokea.

"Mama, kazi yako naisikia," alisema. "Tatizo ni kwamba mbegu unazogawa hazijasajiliwa. Hazina cheti. Kwa utaratibu, siwezi kukuruhusu usimame sokoni ukagawa."

"Hizi zimepandwa tangu kabla ya hii ofisi, mwanangu."

"Naamini. Lakini hazina cheti." Akampa fomu ya kurasa kumi na saba. Alionekana mwenye haya kuitoa.

Alijaza yeye na fundi, jioni nne, kwenye meza ya kukatia vitambaa. Kwenye nafasi ya *mgunduzi wa mbegu* fundi alitema pini: "Andika mama." Wakaandika jina la bibi. Fomu ilikwenda. Ilirudi baada ya miaka miwili na barua fupi: kimekosekana kiambatanisho namba tisa, ambacho hutolewa na ofisi hiyohiyo. Bwana shamba alikuwa ameshahamishwa, na aliyekuja hakujua kiambatanisho namba tisa ni kitu gani. Kwa muda wote huo Bi Pakiti hakusimama sokoni, alitii. Aliingia majikoni mwa watu. Jirani kumpa jirani kikombe cha mbegu hakukuhitaji cheti, na kumbe mbegu zilikwenda mbali zaidi kwa njia hiyo, kwa sababu ndani ya jiko mtu huuliza maswali ambayo sokoni angeona haya.

Mwaka huo wa pili bibi aliugua. Walimshusha kilimani, wakamlaza kwenye chumba kilichopakana na cha kazi cha fundi, ambako alipenda sauti ya cherehani. Hakutaka kula. Bi Pakiti alimpikia uji wa ulezi, wa uwele, wa mtama wenye ndimu. Bibi alikunywa vijiko viwili akageuka ukutani. Asubuhi moja alimwita kwa kidole.

"Ile yako ya zamani," alinong'ona. "Ya dakika nne. Bado ipo?"

Bi Pakiti alidhani anataniwa. Alipoona siyo, alikwenda dukani. Muuzaji alimtazama, akatazama pakiti, akamtazama tena, akafunga kwenye gazeti bila kuulizwa. Alipika, bibi akanywa kikombe kizima, polepole, mpaka chini.

"Tamu," alisema. Akavuta pumzi. "Usiwaambie watu."

Wakacheka mpaka fundi akasimamisha cherehani kuja kuuliza kuna nini, na hakuambiwa. Bibi alikunywa hivyo siku tisa. Ya kumi alifariki, asubuhi, bila kelele, mkwe wake akiwa amemshika mguu anaupaka mafuta. Katika wosia wake wa mdomo, aliousema mara tatu ili usisahaulike, vibuyu vilikuwa vya Bi Pakiti na jembe la fundi. "Ili naye ajue," alisema.

Vibuyu vilihitaji mahali. Akina mama wa bonde, waliokuwa sasa zaidi ya mia mbili na wenye kikundi chao, waliomba chumba kilichokuwa stoo ya matofali karibu na mashine ya kusaga. Walikisakafia wenyewe, wakapaka chokaa, wakaweka rafu, wakajenga jiko dogo la moshi kwenye kona. Ulikuja mkutano wa kumchagua mtunza ghala, mtu atakayeshika ufunguo na kuamua kipi kipandwe mwaka upi ili kisife. Bi Pakiti alivaa gauni lake la kitenge jipya. Alikuwa ameandaa hata maneno machache ya kukubali.

Walimchagua muuza mboga.

Ilikuwa kura za mikono, na mikono ilikuwa mingi mno hata haikuhesabiwa. Mwenyekiti wa mkutano, mwanamke mnyoofu, alimgeukia. "Wewe ndiye uliyetuletea, hilo hakuna asiyelijua," alisema. "Lakini wewe ni mtu wa kutembea. Mbegu zinataka mtu anayekaa."

Alipiga makofi kama wote, akatabasamu kama wote, na kwenye basi akalia kidogo akitazama dirishani. Siku mbili alishinda nyumbani akifua mapazia yaliyokuwa safi. Siku ya tatu fundi, ambaye alikuwa ameshajikata na jembe la urithi mara mbili, alitema pini zote.

"Wamekunyima ufunguo?"

"Wamenipa sababu. Na sababu yenyewe ni ya kweli, ndicho kinachoniudhi."

"Basi wamekuachia miguu," fundi alisema. "Nani mwingine atakwenda kule milimani kutafuta kunde za mama? Labda kuna mtu bado anazo."

Hilo hakuwa amelifikiria. Alikaa nalo mpaka chai ikapoa.

Alhamisi alikwenda ghalani. Muuza mboga alikuwa ameketi sakafuni katikati ya nyungo, akiwaamuru watu watano kwa sauti ileile ya polepole. Alipomwona mlangoni alisita, kila mtu akasita.

"Nifanye nini?" Bi Pakiti aliuliza.

Muuza mboga akamsogezea ungo. "Chambua hizi za ulezi. Zenye wadudu weka huku. Na taratibu, dada, wewe una mkono wa haraka."

"Naam," alisema, akavua viatu, akaketi. Alichambua mpaka saa sita mchana. Wiki iliyofuata, akiwa na karatasi yenye majina ya vijiji kumi na vinne na viatu alivyobadilishiwa soli na fundi wa jirani, alipanda basi la kwanza kwenda milimani kuuliza, nyumba kwa nyumba, kama kuna mtu anayekumbuka kunde nyeusi zenye jicho jekundu. Hajazipata. Njugu mawe nyeupe alizipata katika kijiji cha tisa, kwa mwanamke aliyeziweka kwenye chupa ya dawa ya kikohozi, punje thelathini na moja, na mwaka huu ghala lina debe zima.